Gamba Jeusi kwenye Paji la Mama

Hospitali ya Misheni, Embu
9 Januari 1955

Kwa kaka yangu Riungu,

Salamu kwa Mama kwanza, halafu kwako na kwa wifi Beth na watoto wote watano. Mimi ni mzima. Huku maharagwe yameshavunwa na baridi ya asubuhi inauma vidole.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliandika tarehe kumi na nne Oktoba, ya pili tarehe kumi na moja Novemba, ya tatu siku tano kabla ya Krismasi. Majibu ni sifuri. Tena naandika Kiswahili makusudi, kwa sababu barua ya Kimeru inakaa kwa mkaguzi wa barua wa serikali siku kumi na moja na ya Kiswahili siku nne; nimehesabu mara sita. Kiswahili changu kikikuchekesha, cheka, lakini jibu. Na hii mkaguzi hataiona, ila mkono umeshazoea. Anakuletea Bulle, yule Msomali mwenye lori anayepakia Nanyuki na kupita hapo Kiirua mara mbili kila juma akija Meru na Embu. Ukimpa jibu mkononi, linanifikia siku mbili.

Kazi yangu imebadilika. Miaka mitatu nilifagia wodi ya wanaume. Tangu Novemba nafunga vidonda. Hakuna aliyenikalisha darasani. Nilikuwa nafagia polepole karibu na kitanda ambacho daktari anafundishia madresa, wale wafunga vidonda, na sakafu ya pale ilikuwa safi kuliko zote. Siku moja dresa mmoja alishindwa swali, mimi nikajibu nikiwa nimeshika ufagio. Wewe ulipelekwa shule Kaaga miaka saba, mimi nikapewa mbuzi tisa. Sisemi kitu. Natoa hesabu tu.

Sasa jambo lenyewe. Bulle anasema ng'ombe wanakufa huko kwenu na bwana mifugo amezuia ngozi na nyama zisitoke. Usiniambie ni uongo. Niambie wamekufa wangapi kwetu, na kama mmegusa kibudu. Mama asikiguse. Asikile, wala asikibebe.

Ni mimi dada yako,
Ciakuthii


Kiirua
Jumapili, 6 Februari 1955

Dada yangu mdogo,

Nakusalimu kwa neema ya Mungu. Sisi tu wazima. Beth anakusalimu, watoto wanasoma vizuri, na kijiji hiki kipya tulichohamishiwa kimekaa sawa, nyumba kama mia mbili hivi, zote mstari mmoja. Nimepewa madaftari yote ya chifu. Karani wa chifu wakati huu wa Hali ya Hatari ni mtu anayeulizwa mambo na wazungu wenyewe, kwa hiyo usishangae barua zako kukaa. Zilifika zote tatu. Nilizisoma.

Kuhusu ng'ombe, hilo ni jambo la wanaume na la serikali. Sisi tulichinja mmoja Krismasi, tukala kwa heshima. Wengine ni wazima. Bulle ni mtu wa lori. Anaongea kwa sababu njia ni ndefu.

Unapenda kuniandikia kana kwamba Mama analala njaa. Basi ujue kwamba nimempa ukanda mpya wa kubebea kuni. Wanawake hapa wanapeleka kuni kwenye boma la homgadi, wale walinzi wa serikali, kila asubuhi, na ule wa zamani ulikuwa umekatika mara mbili. Huu nimeukata mwenyewe, mpana, wa ngozi nzuri, unakaa vizuri kwenye paji. Wanawake wengine wanamwonea wivu. Sijui wewe umemtumia nini mwaka huu zaidi ya maswali.

Mama ana kipele kidogo kwenye paji, tangu Ijumaa. Hakimuumi, kinawasha tu. Nakuandikia kwa sababu amenisumbua niandike, ati wewe siku hizi ni daktari. Nimemwambia wewe unafunga matambara.

Nduguyo mkubwa,
Riungu


Embu
8 Februari 1955

Kaka,

Wasalimie wote. Sina nafasi ya salamu ndefu. Bulle anaondoka kesho alfajiri na hii lazima iwe mfukoni mwake.

Kipele cha Mama kimekuwaje leo? Kwa hesabu yangu leo ni siku ya tano. Chukua uzi, pima upana wake, uukate na unitumie huo uzi, kwa maana "kidogo" na "kama mia mbili hivi" si vipimo. Angalia katikati yake. Ni pekundu, peupe, au peusi? Kuna malengelenge madogo yamezunguka kama pete? Bonyeza pembeni kwa kidole safi umuulize kama anasikia maumivu. Weka mkono shingoni mwake uone kama ana joto. Na macho yake, yanafunguka yote mawili?

Halafu kuna swali ambalo hulipendi. Ukanda huo umetoka kwa ng'ombe gani? Krismasi mpaka leo ni siku arobaini na tano. Kama yule ng'ombe mlimchinja kwa heshima, niambie nani alishika kisu na damu yake ilikuwa rangi gani.

Usipasue. Nakujua wewe na wembe wako. Hata kikiwa kama yai, usipasue.

Ciakuthii


Kiirua
10 Februari 1955

Ciakuthii,

Barua yako nimeisoma mbele ya Beth, tukacheka. Uzi ati. Mimi ninaandika orodha za watu mia tisa, na dada yangu anataka nipime uso wa mama yangu kwa uzi.

Nilikwisha kukipasua jana kabla Bulle hajafika. Nilichoma wembe kwenye moto, nikapasua msalaba, kama nilivyopasua majipu ya nusu ya kijiji hiki. Hakikutoka usaha hata tone, maji tu, na hiyo ni ishara njema kwa mtu anayejua. Hamna uchafu ndani. Katikati pamekuwa na gamba jeusi kama kaa la moto lililozimika. Najua vidonda vya namna hii. Siku ya kumi na mbili gamba huanguka lenyewe na mtu anaendelea na kazi zake.

Uso umevimba, hilo ni kweli. Jicho la kushoto limefunga na la kulia linafuata. Lakini haumwi. Nimemuuliza mara tatu. Anasema, "Mwambie Ciakuthii hakiumi, asiache kazi yake." Mtu ambaye haumwi si mgonjwa. Hata huko kwenu nadhani ni hivyo.

Kumpeleka Meru si rahisi kama unavyofikiri wewe uliye mbali. Kunahitajika pasi, na sababu ya safari lazima iandikwe, na sababu zikiandikwa watu wanaanza kuuliza. Kuhusu ng'ombe nimeshakujibu. Usiniulize tena.

Riungu


Embu
Jumamosi, 12 Februari 1955

Riungu,

Salamu kwa Beth. Mwambie nilisikia kicheko chenu.

Kunahitajika pasi, ndiyo. Na ni nani anayeandika pasi hapo Kiirua? Ni wewe. Ungeiandika ukiwa umekaa, na mkono wa kushoto ukishika chai.

Sasa sikiliza, nitakueleza kama ninavyowaeleza wasichana wapya wa ufagio. Wao huelewa mara moja. Ngozi si gome. Ni chembe hai, ndogo kuliko macho yanavyoweza kuona, zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Wadudu wa jipu wa kawaida wakiingia, chembe za ngozi zenyewe ndizo hupiga kelele ya kwanza. Mishipa inafunguka, damu inakimbilia pale, na huo ndio wekundu na joto. Maji yanajaa, huo ndio uvimbe. Neva zinapiga, hayo ndiyo maumivu. Kisha chembe nyeupe za damu zinafika kupigana, na maiti zao ndizo usaha. Daktari aliniwekea tone la usaha wa jipu kwenye darubini yake, nikahesabu chembe nyeupe themanini na sita katika duara moja. Usaha unaouita uchafu ni askari waliokufa wakikutetea. Maumivu ni kazi. Ngozi inayouma iko kazini.

Mwezi Desemba aliletwa mchuuzi wa ngozi kutoka upande wa Mbeere, kidonda cheusi mkononi, hakiumi, hakina usaha. Daktari alichukua maji yake akaniambia nihesabu tena. Nikapata chembe nyeupe mbili. Wadudu walikuwa wengi, vijiti virefu vimeungana mwisho kwa mwisho kama mianzi. Nikauliza wengine wako wapi. Akasema mdudu huyu hutoa sumu yake mapema, chembe zinazopaswa kuita haziiti, na zinazopaswa kuja zinalewa njiani na kufa. Ni kama wezi waliowatupia mbwa nyama yenye sumu kabla ya kuvunja nyumba. Wewe umesimama mlangoni unasema, sikilizeni jinsi kulivyo kimya, hakika hapa hakuna wezi.

Hicho ni kimeta. Ni kile kile kinachoua ng'ombe wenu. Na ulipopasua msalaba uliwafungulia wadudu njia nne badala ya moja.

Leo ni siku ya tisa. Uvimbe ukishuka shingoni, Mama atashindwa kuvuta pumzi. Kwa hiyo sikukungoja. Nilimwuliza Bulle kama amemwona kwa macho yake.

"Nimemwona, dada. Uso kama mkate ulioumuka. Alinitambua kwa sauti."

"Alisema nini?"

"Alisema kaka yako anaogopa."

Nilikwenda kwa daktari na barua yako mkononi. Nikamsomea habari za gamba, za macho, na za ukanda. Amepiga simu Meru mbele yangu. Leo hii inatoka gari kumchukua Mama apigwe sindano za penisilini, na nyuma yake anakuja bwana mifugo na askari wake kuangalia ngozi zote mlizonazo. Bulle akikukabidhi karatasi hii watakuwa wamekwisha kufika. Najua maana yake kwako. Nilipima pande zote mbili na haikunichukua muda.

Ciakuthii


Kiirua
27 Machi 1955

Kwa Ciakuthii,

Mama yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo pekee unalotaka kutoka kwangu.

Alilala hospitali Meru siku kumi na tisa. Wanasema alichomwa sindano nyingi, wewe utajua idadi. Macho yote yamefunguka, ila kope ya kushoto haifungi vizuri akilala. Paji lina shimo, wanaliosha na kulifunga. Beth ni mzima. Watoto hawajui lolote.

Umeniletea serikali nyumbani. Walichoma ukanda, wakachoma ngozi mbili zilizokuwa darini, wakamwagia dawa zizi lote mbele ya watu ninaowaandika kila siku kwenye daftari. Walichukua kipande cha ukanda wakakipima, wakasema ni kimeta. Basi ulishinda.

Sasa nikueleze lililotokea, maana utalisikia kwa Bulle likiwa limeongezwa chumvi. Mama alipotoka hospitali tuliitwa sote barazani kwa bwana mifugo. Aliuliza nani alimchuna yule ng'ombe. Kabla sijafungua mdomo Mama alisema, "Ni mimi."

"Wewe, bibi? Ng'ombe mzima?"

"Kwani ng'ombe huuliza umri wa anayemchuna?"

Watu walicheka. Bwana mifugo hakucheka. Akamwuliza kama alijua ngozi imepigwa marufuku. Mama akasema yeye hasomi matangazo, na kwamba alifanya peke yake mimi nikiwa kazini. Yule mzungu akatazama bendeji kwenye paji lake, akaona kama ushahidi umejileta wenyewe. Akaandika.

Amepewa miezi mitatu ya kuchimba mitaro kwenye mashamba, kila siku isipokuwa Jumapili. Alianza Jumatatu iliyopita. Mimi sikuulizwa.

Kabla hujaandika matusi, fikiri. Ingekuwa karani, ingekuwa gereza na kazi kwisha, na watoto ni watano. Mama alipiga hesabu mwenyewe, tena haraka kuliko wewe.

Riungu


Embu
2 Aprili 1955

Kaka,

Nawasalimu Beth na watoto. Nimeomba pasi ya kuja mara tatu na nimekataliwa mara tatu. Mmeru aliyeko Embu hatembei mwezi huu. Kama ningeweza kuja ungeniona, wala usingeniandikia "sikuulizwa" kwa mwandiko mzuri wa shule.

Nimesoma ripoti ya daktari wa Meru kwa daktari wetu. Shimo la Mama lina upana wa inchi mbili na robo. Ngozi mpya haioti katikati. Inatambaa kutoka ukingoni, chembe zikijigawa na kusukumana, na katika vidonda ninavyovifunga inakwenda kama nusu ya robo inchi kwa juma kila upande. Piga hesabu, wewe mwenye madaftari. Ni majuma tisa, pasipo vumbi wala jasho, na bendeji safi kila siku. Umempa majuma kumi na tatu ya vumbi. Hiyo ngozi mpya ni nyembamba kama ya kitunguu. Wadudu wa kawaida wakiingia pale, sasa atasikia maumivu, na atakaa kimya kwa ajili yako.

Nimerudia kusoma barua zako zote. Katika ile ya tarehe kumi Februari uliandika kwamba siku ya kumi na mbili gamba huanguka lenyewe. Nimekujua miaka thelathini na moja. Wewe husema "kama", husema "hivi", husema "nusu ya kijiji". Hukuwahi kuhesabu hata watoto wako bila kukosea mmoja. Mtu wa namna hiyo hasemi kumi na mbili isipokuwa amelala nalo usiku kumi na mbili.

Nikamwuliza Bulle kama mwezi wa kwanza alikuona na kitambaa popote.

"Kifundo cha mkono wa kulia," akasema. "Aliniambia ni mwiba. Nikamwambia, bwana karani, mwiba gani huo unaovaa shuka?"

Kwa hiyo ulipata kidonda chenyewe, kwenye mkono ulioshika kisu, kikakuponea kwa bahati ambayo daktari anasema watu wengi hupata na wengine hawapati. Ulijua kinatoka kwa ng'ombe yule. Au uliamua kutojua, ambalo ni jambo linalohitaji juhudi zaidi. Kisha ukachukua ngozi ile ile ukaikata pana ili imkae Mama vizuri.

Yule bwana mifugo hajui kusoma ngozi ya mtu. Anayemchuna ng'ombe wa kimeta huonekana mikononi. Anayebeba huonekana pale mzigo unapogusa. Mikono ya Mama, ripoti inasema, haina alama hata moja. Kovu liko kwako, Riungu. Haliwezi kufutwa kwa sababu ngozi iliyokufa pale haikurudi ile ile, imezibwa tu.

Daktari wetu yuko tayari kuandika haya kwa Kiingereza na kupiga muhuri. Nimemwomba asubiri siku nne tangu Bulle atakapokukabidhi barua hii. Nilimwambia una miguu ya kwenda mwenyewe.

Ciakuthii


Gereza, Meru
1 Mei 1955

Dada yangu Ciakuthii,

Barua hii inasomwa na askari wa hapa, naye hajui Kimeru, kwa hiyo Kiswahili. Mimi ni mzima. Tunakula uji na maharagwe. Beth amehamia kwa kaka yake Kinyua pamoja na watoto wanne. Mkubwa amebaki na Mama.

Ulinipa siku nne. Nilikwenda siku ya tano. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa Kuu na ofisi zimefungwa, lakini hata zingekuwa wazi ningekwenda siku ya tano, ili usifikiri ni wewe.

Nilivua saa, nikamwonyesha bwana mifugo kifundo. Akakipima kwa rula. Mungu anisamehe, nilikukumbuka. Akaniuliza kwa nini nilimwacha mama mzee aseme ni yeye. Nikamjibu kwamba alisema haraka. Akaniambia niketi, kwa sauti ya kumwambia mbwa. Nimepewa miezi minne. Meza ya chifu amepewa mwingine ambaye hawezi kuandika jina lake bila kutoa ulimi.

Mama alitolewa mtaroni mchana huo huo. Unadhani alishukuru? Alipita hapo nilipokuwa nimekaa na askari, ameshika jembe, akasema mbele ya kila mtu, "Mpumbavu. Nilikuwa nimebakiza majuma kumi." Ukitaka kujua ulipotoa tabia yako, usitafute kwa marehemu baba.

Alikuja kunitazama Jumapili iliyopita. Nilimwambia afungue bendeji nione, nikapima kwa kidole changu kwa kuwa huku hatupewi uzi. Shimo limebaki kama upana wa kidole gumba na nusu. Ukingo ni wa rangi ya waridi na hauna usaha. Katikati aliponigusisha alisema, "Taratibu, panauma."

Kuhusu wewe, amesema hataki kusomewa barua yako mwezi mzima, kwa kuwa ulimfunga mtoto wake. Nilimkumbusha kwamba na wewe pia ni mtoto wake. Akasema anajua, alikuwepo.

Alipofika langoni akarudi. Askari alimzuia, akampita. Akaniuliza kama huko Embu unapika mwenyewe au unakula kwa watu, na kama una blanketi la pili, maana baridi ya mwezi wa saba inakuja. Nikamwambia sijui. Nimepokea barua zako miaka mitatu na sikuwahi kukuuliza.

Niandikie hayo mawili, chakula na blanketi, nimjibu akija.

Riungu